Mgawane Hapo na Mzee

Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa, na msafiri wa Thika anajua kwamba mvua ikishuka, nauli hupanda. Jioni ile konda wa matatu namba 237 alikuwa akitoza Sh100 hadi Ruiru, bila haya. Nilimpa noti ya Sh200. Mzee aliyeketi kando yangu, koti lake likimchuruzikia magotini, naye akatoa Sh200. Tulipokaribia Juja konda alinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, akanirejeshea noti ileile niliyompa, ikiwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja, akasema, "Mgawane hapo na mzee." Kisha akageukia kiti cha mbele kugombana na mwanafunzi.

Mzee aliitazama noti, akanitazama mimi.

"Sasa sisi ni kampuni, mami," akasema. "Lazima tushuke pamoja."

Foleni ilikuwa imeganda. Tulianza na mvua, kama ilivyo ada, tukapita kwenye bei ya mahindi, na mwishowe nikamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu.

"Nilikuwa naozesha maua," akajibu.

Nilidhani masikio yangu yameingia maji. Akaniona nimeduwaa, akacheka, akaeleza. Alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti wa kahawa pale Ruiru. Mwaka wa 1968 ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa ulikumba mashamba ya nchi hii na kuteketeza sehemu kubwa ya mavuno, na watafiti wakaanza kutafuta mti ambao ungestahimili. Mti huo ulitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ukapewa jina la mji: Ruiru 11. Hayo nilikuwa nayajua kijuujuu, kama anavyojua mtu yeyote anayeishi hapa na kupita kando ya bango. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mbegu ya Ruiru 11 haipatikani kwa kuokota tunda chini ya mti. Lazima mama na baba wakutanishwe kwa mkono wa binadamu kila msimu. Mama ni wa ukoo wa Catimor, mfupi, mwenye kinga. Baba amebeba damu ya SL28, ile kahawa ya zamani yenye ladha inayosifiwa hadi ng'ambo.

"Unalifikia ua kabla halijafunguka," mzee akasema, huku vidole vyake viwili vikishika hewa kana kwamba kuna kitu. "Unatoa vile vinyuzi vya kiume, vyote, kimoja kikibaki umeharibu. Unalivika mfuko. Kisha unaleta chavua ya baba, unapaka polepole. Maua ya kahawa hayakusubiri. Mvua ikinyesha yanachanua, siku mbili tatu yamekwisha. Ugonjwa ulikuwa unaozesha, na sisi tulikuwa tunaozesha."

Alilisema neno hilo mara mbili, akangoja kuona kama nimelipata. Nililipata, tukacheka hadi konda akageuka.

Tuliposhuka Ruiru noti ilikuwa bado mkononi mwangu, imelowa jasho. Mama wa mahindi choma hakuwa na chenji ila kama tungenunua. Tukanunua mawili kwa Sh60, zikabaki Sh140, tukagawana Sh70 kila mmoja, mzee akahesabu zake mara mbili kama mweka hazina. Akaniambia nilale salama. Sikumuuliza jina, naye hakuniuliza langu, na hadi leo naona ilikuwa sawa.

Nimesafiri kati ya Ruiru ninakoishi na Thika ninakofanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Asubuhi watu wote wanakimbilia Nairobi, mimi naelekea upande mwingine, gari likiwa na nafasi hata ya kuweka mkoba kitini. Katika miaka hiyo nimefikia imani moja, nami naishika kwa ukaidi: mtu mzima hawezi kuanza kuzungumza na mtu asiyemjua bila kisingizio. Watoto wanaweza, na walevi, na wahubiri wa garini ambao hawakungoji ujibu. Sisi wengine tunahitaji dirisha lililokwama, kifaranga kinachopiga kelele ndani ya katoni, mtoto wa jirani aliyekushika sikio, foleni isiyosonga pale Githurai. Na kwa abiria wa matatu, hapakuwa na kisingizio kilichopita chenji. Konda alikuwa mshenga wetu bila kujijua. Aliwafunga watu wawili kwa noti moja, akawaacha watafute namna ya kufunguana.

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo dogo hivyo lina uzito hapa, tazama hesabu ya watu. Sensa ya mwaka wa 2009 ilipata watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Katika miaka 10 mji umejiongeza maradufu, ambayo ni kusema kwamba ukiwakusanya wakazi uwanjani, nusu yao watakuwa wanawatafuta wenyeji wawaulize choo kiko wapi. Mashamba ya kahawa yamekatwa vipande, kila kipande kikaota ghorofa, na katika ghorofa hizo nimeishi na majirani ninaowatambua kwa viatu vilivyoachwa mlangoni. Thika ni mji mkubwa kiumri. Wageni wake walianza kuja zamani kufuata viwanda vya nguo, vya ngozi, vya mafuta na mananasi ya kopo, hadi watu wakaubandika jina la Birmingham ya Kenya. Wamekwisha kuzoeana kiasi. Ukisimama Thika kando ya kibanda cha soseji za mutura dakika tano utajua nani amefiwa. Ruiru utakula mutura wako ukaondoka.

Halafu kuna suala la mlango wa kuingilia. Mtu akiketi kando yako hapa, unapiga hesabu ya haraka: nimwamkie kwa Kikuyu au kwa Kiswahili? "Wĩ mwega" inaweza kuufungua moyo wa cucu kutoka Gatundu, lakini ikimwangukia mtu wa Kisii au wa Machakos unamwona akijikunja, maana umekwisha kumwambia kwamba hapa ni kwenu. Nami nikianza na Kiswahili kwa mama aliyejitanda leso na kushika kiondo, huenda akaniona najidai. Na umwite nani? Mathe, mama, auntie, cucu? Kuna wanawake wa rika langu ambao ukiwaita mathe umemaliza safari yako.

Mimi huanza kwa Kiswahili siku hizi, na sababu yangu si nzuri ya kusimulia wikendi, ila niiseme upesi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kuulizwa jina na mtu usiyemjua barabarani halikuwa swali la urafiki. Jina la ukoo lilikuwa linatosha kukufanya ushuke gari kabla ya steji yako. Tulijifunza wakati ule kuongea bila kuulizana majina wala "nyumbani ni wapi," na wengi wetu hatujaacha. Kiswahili kilitufaa kwa sababu ni lugha inayoweza kujadili bei ya unga kwa saa nzima bila kumuuliza mtu babu yake alizikwa wapi. Nadhani adabu hiyo ilizaliwa na hofu, lakini imeishi hadi imekuwa adabu ya kweli. Ndiyo maana mimi na mzee wa maua hatukuulizana majina.

Magari yenyewe yamekuwa yakitunyang'anya visingizio kimoja kimoja. Nilipokuwa mtoto matatu nyingi zilikuwa pikapu zenye mabenchi mawili yaliyotazamana, magoti ya abiria yakigusana katikati, na haikuwezekana kumkwepa mtu ambaye pumzi yake unaijua. Zikaja Nissan. Februari 2004 zikaja kanuni za waziri John Michuki: abiria 14 na si zaidi, mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa kanuni njema, ziliokoa watu, nami sina la kulalamikia isipokuwa kwamba mtu aliyefungwa mkanda akitazama kisogo cha mwenzake ana machache ya kusema. Ingawa, kwa wiki za kwanza, kutafuta ulimi wa mkanda chini ya paja la jirani kulizua mazungumzo ambayo sitayasahau.

Kisha barabara. Wajenzi waliingia mwaka wa 2009, tukala vumbi miaka mitatu, na tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akafungua barabara kuu ya Thika, takriban kilomita 50 za lami pana hadi Nairobi. Safari iliyokuwa ikila saa mbili au tatu ikawa dakika 45 siku njema. Niliifurahia kama kila mtu. Lakini katika saa mbili za zamani ungeweza kusikia ndoa nzima ya mtu, tangu posa hadi kesi. Dakika 45 hazifiki hata kwenye fungate.

Machi 2020 ikaja amri ya korona: gari la watu 14 libebe 8. Kiti kando yako kikawa kitupu, barakoa juu ya mdomo, na mtu akikohoa wote wanageuka kama mahakama. Iliendelea hivyo hadi Agosti 2021. Asubuhi ya kwanza gari lilipojaa tena, mwanamke mmoja alinikalia ncha ya sketi yangu akaomba radhi, nami nikajikuta nimemshukuru.

Kule Marekani wamelifanyia jambo hili la kusemezana na usiyemjua utafiti, maana huko hata kuketi garini huchunguzwa. Mwaka wa 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder, wanasaikolojia wa chuo kikuu cha Chicago, walichapisha matokeo yao juu ya abiria wa treni na mabasi wa mji huo. Abiria wengine waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya na mawazo yao, wengine wafanye walivyozoea. Wengine wakaulizwa tu wakisie ipi kati ya safari hizo ingekuwa tamu. Waliokisia walisema ya kimya. Waliosafiri walisema ya mazungumzo. Utafiti kama huo ulirudiwa baadaye katika treni za London, mji ambao sifa yake ya kununa kwenye treni imefika hadi kwetu, ukaonyesha yaleyale. Kosa la abiria, walisema watafiti, ni kudhani kwamba mwenzake hataki. Wawili wameketi, kila mmoja anatamani neno, kila mmoja anamhurumia mwenzake asimsumbue.

Naliamini hilo kwa asilimia kubwa, ila kuna sehemu halifiki. Mimi ni mwanamke. Mwanamume akinisemesha saa mbili usiku kwenye daraja la waenda kwa miguu, simwekei alama za utafiti, nahesabu hatua zilizobaki. Kuna siku naweka spika masikioni bila muziki wowote, ziwe mlango uliofungwa. Na kila mtu wa njia hii amesikia habari za biskuti: abiria mchangamfu anakukaribisha biskuti au peremende, unaamka kesho yake mwisho wa safari huna simu wala mkoba. Kwa hiyo tumeweka sheria isiyoandikwa popote. Tutapeana hadithi, habari za mtoto, hata namba ya fundi wa mabomba. Chakula hapana. Mahindi yale ya Ruiru tuliyanunua jikoni mwa mwenyewe, yakiwa juu ya makaa, tukiyatazama.

Hadithi hizo mara nyingine huwa siri. Pale Thika, Mto Chania unapokutana na Mto Thika, kuna hoteli ya Blue Post iliyoanzishwa mwaka wa 1908, walikopumzika walowezi waliokuwa njiani kuelekea kaskazini. Mwaka huohuo, kule Ujerumani, msomi Georg Simmel alichapisha insha fupi kuhusu mgeni. Alisema mgeni huambiwa siri ambazo watu huwaficha walio karibu nao. Simmel hakupata kupanda matatu, lakini nina ushahidi wa kumpelekea.

Asubuhi moja niliketi karibu na mwanamume wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mawe kwa mikono yake. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Nilifikiri anasali. Kumbe anasoma. Kila bango tulilolipita kati ya Ruiru na Thika alilisoma kwa sauti ya chini: rangi ya nyumba, benki, viwanja vinauzwa, chuo, Yesu anarudi, viwanja tena. Aliponiona nimegundua, alinyamaza kidogo, kisha akasema bila kunitazama kwamba alijifunza kusoma akiwa na miaka 44. Barabara ilipojengwa upya mabango yakawa makubwa, herufi zenye ukubwa wa mtu, na yeye alikuwa akisafiri kila siku kwenda kujenga Thika. Alimwomba mwenzake wa kazini amwonyeshe herufi, nyingine akazifuatia mwenyewe dirishani. Watoto wake wanne walisomeshwa na mshahara wake, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba baba yao alikuwa akitia sahihi kadi zao za shule bila kujua zimeandikwa nini. Mke wake anajua. "Na wewe," akasema.

Nilimuuliza ni bango gani gumu kuliko yote.

"Yale ya dawa," akasema. "Wanaandika ndogo makusudi."

Alishuka kabla ya mjini. Sijapata kumwona tena, na nikimwona nitajifanya simjui, kwani ndivyo tulivyoelewana. Ndugu angemuuliza kwa nini hakusema mapema. Rafiki angemwambia mkewe. Mimi nilikuwa mtu wa dakika 20 tu, na dakika hizo zilimtosha.

Basi nirudi kwenye chenji, maana ndiyo inayoniuma. Mwaka wa 2014 serikali ilijaribu kulazimisha nauli ilipwe kwa kadi. Kampuni ya Google na benki ya Equity walikuwa wameleta kadi yao ya BebaPay mwaka uliotangulia. Makonda walizikwepa kama mvua ya mawe, na mwaka wa 2015 kadi hiyo ikafungwa. Nilishangilia moyoni. Nilidhani noti imeshinda. Sikujua kwamba simu ilikuwa ikisubiri zamu yake, na korona ikaja kuisukuma. Leo namba ya kulipia imebandikwa juu ya mlango, unabonyeza, nauli inaingia kamili kama ilivyo, senti haibaki ya kugawana na mtu. Konda anatazama skrini yake, anaita jina la aliyelipa, mtu anainua kidole. Nimekuwa nikiliwaza hilo. Zamani tuliongea safari nzima bila kujuana majina. Siku hizi majina yetu yanapigiwa kelele gari zima likisikia, na hakuna anayeongea.

Mwezi uliopita simu yangu ilizimika Thika kabla sijalipa, na mkobani nilikuwa na Sh20. Konda alisimama juu yangu. Msichana wa chuo aliyekuwa dirishani, masikio yamezibwa na muziki tangu steji, akatoa spika moja.

"Mathe, nitakulipia. Utanitumia."

Akaniandikia namba yake kwenye karatasi iliyokuwa imefungiwa njugu, kwa kalamu ya kuchorea nyusi kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyekuwa na ya wino. Spika ya pili nayo ikatoka. Akaniambia anarudi kwa rafiki Ruiru akitoka kwa nyanyake Murang'a, kwamba cucu amezeeka na shamba limebaki uchi tangu walipong'oa kahawa. Nikamuuliza ilikuwa kahawa gani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kabila la kuku. Nikamweleza habari za mama mfupi na baba mrefu, mfuko juu ya ua, chavua inayopakwa kabla mvua haijaharibu. Nikajikuta vidole vyangu viwili vimeshika hewa. Nikalitumia lile neno la mzee mara mbili, nikangoja. Ilimchukua muda, lakini alicheka.

Usiku, simu ilipopata moto, nilimtumia Sh100 zake na jina langu lote likaenda nazo. Jibu lilikuja siku ya pili asubuhi, nikiwa steji.

"Nimepata asante. Nimempigia cucu nikamuuliza. Anasema ilikuwa ile mirefu ya zamani, na kwamba hakutaka ing'olewe. Anauliza wewe ni nani."